Kituo cha kulelea watoto: nyumbani kwako au nyumba ya kupanga? Ulinganisho wa gharama za kuanzia Dar es Salaam

Watu wengi wanaotaka kufungua kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, ambacho mtaani sote tunakiita dei kea, huanza kwa kuulizia bei ya bembea, viti vya rangi na fundi wa kuchora wanyama ukutani. Hayo yote ni matumizi madogo. Gharama inayoamua kama kituo kitaona mwaka wa pili ni nyumba, na kwa hiyo ulinganisho huu unaweka mezani njia mbili ambazo mtu mwenye mtaji wa kawaida huwa nazo: kutumia vyumba vya nyumba anayoishi, au kupanga nyumba nzima kwa ajili ya kituo. Ipo njia ya tatu, ya kuchukua kituo ambacho mwenyewe anakiacha, nayo nitaigusa kwa ufupi.

Bei ninazotumia ni za mfano kwa mtaa wa kipato cha kati, tuseme Tabata au Kinyerezi, na nimezikadiria kwa namba za mviringo ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Ziondoe uweke za mtaani kwako baada ya kuzungumza na fundi, dalali na muuza magodoro. Mpangilio wa hesabu ndio ninaotaka uuchukue.

Kwanza yale yasiyobadilika, uwe nyumbani au umepanga. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo kisajiliwe, na usajili uko chini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, ingawa mtu utakayeonana naye kwanza ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, hivyo msomaji wa Unguja au Pemba aanzie huko. Utahitaji barua ya serikali ya mtaa, ukaguzi wa afisa afya, maelezo ya Zimamoto, namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara. Wapishi na walezi watapimwa afya. Hakuna kati ya hayo kinachopungua kwa sababu watoto ni kumi tu. Tofauti iko kwenye marekebisho ambayo mkaguzi atakuagiza ufanye, na kwenye nani anayelipia nyumba wakati unasubiri cheti.

Hapo kwenye kusubiri ndipo nyumbani kunaposhinda bila ubishi. Ukiwa nyumbani kwako, wiki tatu au miezi miwili ya kusubiri ukaguzi haikugharimu kitu zaidi ya nauli. Ukiwa umeshalipia nyumba ya kupanga, kila mwezi wa kusubiri ni kodi inayoteketea na mlinzi anayelipwa kulinda vyumba vitupu. Kwa sababu hiyo, anayetaka kupanga amwombe afisa ustawi na afisa afya waione nyumba kabla hajamkabidhi dalali hata shilingi. Wengi hufanya kinyume kwa kuogopa nyumba itachukuliwa, kisha wanaambiwa choo kiko mbali na madarasa au uwanja hautoshi.

Sasa tuhesabu. Nyumbani, nachukulia sebule, chumba kimoja kikubwa na baraza, vitakavyochukua watoto 15. Kurekebisha choo na kufunga masinki mawili ya urefu wa mtoto ni shilingi 600,000. Uzio na geti 500,000. Magodoro madogo 15 kwa 25,000 kila moja ni 375,000. Viti 15 kwa 15,000 pamoja na meza nne kwa 60,000 ni 465,000. Jiko, mtungi wa gesi na vyombo 350,000. Tenki la lita 1,000 na stendi yake 400,000. Vifaa vya kuchezea 300,000. Kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza 150,000. Nyaraka, nakala na mizunguko ya ofisini 200,000. Jumla ni 3,340,000.

Katika nyumba ya kupanga, nachukulia watoto 35 na kodi ya 600,000 kwa mwezi. Vyoo vinne vya watoto na masinki ni 2,000,000, uzio na geti 800,000, rangi 700,000, magodoro 875,000, viti na meza tisa 1,065,000, jiko na vyombo 700,000, tenki la lita 2,000 kwa 750,000, bembea, mtelezo na vifaa vya ndani 1,500,000, vifaa vya usalama 400,000, nyaraka 400,000, bango 250,000. Hapo ni 9,440,000, na bado hatujagusa kodi. Mwenye nyumba akitaka miezi sita kwa mkupuo, weka 3,600,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 600,000.

Kisha kuna kitu ambacho dalali hatakutajia. Mpangaji wa biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, na mkataba wenyewe una ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kisheria zuio hilo linakatwa kwenye fedha ya mwenye nyumba. Kwa vitendo, mwenye nyumba anakwambia kwamba yeye anataka laki sita mkononi, mambo ya TRA utajua mwenyewe. Ili apate laki sita kamili, kodi halisi inakuwa takriban 667,000, na zuio la miezi sita ni 400,000 zinazotoka mfukoni mwako. Ongeza kama 80,000 za stempu, ambayo hapa nimeihesabu kwa kodi ya mwaka mzima. Jumla ya kufungua mlango ni 14,120,000.

Kabla sijaendelea na gharama za mwezi, nieleze jambo moja kuhusu masinki, kwa kuwa liliniumiza. Fundi bomba wangu wa kwanza alifunga masinki kwa urefu aliouzoea, nami niliyaangalia nikaona yanang'aa, nikalipa. Siku ya kwanza ya uji tuligundua kwamba hakuna mtoto hata mmoja anayefikia bomba. Mlezi aliwanyanyua mmoja mmoja, kila mmoja mikono yake, mgongo ukimuuma, huku wengine wakilia foleni na uji ukifanya utando. Wiki iliyofuata vigae vilibanduliwa, bomba likashushwa hadi usawa wa kiuno cha mtoto, na nikalipa kazi ileile mara ya pili. Katika nyumba yako kosa kama hilo ni hasara ya mara moja. Katika nyumba ya kupanga ni hasara ya mara mbili hadi tatu, maana siku ukihama utaacha masinki mafupi ambayo mpangaji anayefuata hayataki, na mwenye nyumba anaweza kudai urudishe kila kitu kama ulivyokikuta. Vile vyoo vya 2,000,000, uzio na rangi haviondoki na wewe. Viondokavyo ni magodoro, viti na sufuria. Kwa hiyo mkataba uandike nani atabeba marekebisho ya kudumu. Wapo wenye nyumba wanaokubali nusu ya gharama ya vyoo ikatwe kwenye kodi, mradi uwaombe kabla ya kusaini.

Gharama za kila mwezi zinaanzia kwa watu. Nyumbani, wewe mwenyewe ni mlezi wa kutwa, unaajiri mlezi mmoja kwa 270,000 na mpishi ambaye pia anafanya usafi kwa 250,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anabeba nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachukua asilimia 0.5. Hivyo mishahara na michango inafika karibu 575,000, na ukiongeza 120,000 za umeme, maji, gesi na sabuni unapata 695,000. Katika nyumba ya kupanga unahitaji walezi watatu, mpishi, mtu wa usafi na mlinzi: mishahara 1,560,000, pamoja na michango 1,724,000. Huduma ni 350,000 na kodi pamoja na zuio 667,000. Jumla 2,741,000. Nimeweka mshahara wa mlezi kwenye 270,000 kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo ukomo wa mshahara usiokatwa kodi ya PAYE. Ila mlezi aliyesomea, kwa mfano aliyepita chuo cha Kisangara au vyuo vya Montessori, hatakaa muda mrefu kwa kiasi hicho, wala hastahili kukaa.

Chakula nimekitenga kwa sababu kinafuata idadi ya watoto: uji wa asubuhi, mlo wa mchana na tunda kwa shilingi 1,500 kwa siku, siku 22, ni 33,000 kwa mtoto. Kwa ada ya 100,000 kila mtoto anaacha 67,000 za kubeba gharama nyingine. Nyumbani, 695,000 ukigawa kwa 67,000 unahitaji watoto 11 ili usile hasara. Katika nyumba ya kupanga, kwa ada hiyohiyo, unahitaji watoto 41, nawe una nafasi ya 35.

Tafadhali rudia kuisoma sentensi hiyo. Kituo kilichojaa pomoni, chenye sifa nzuri na watoto wanaopendana na walezi, kinakula hasara kila mwezi kwa sababu tu mwenyewe alinakili ada ya kituo cha jirani kilichoko nyumbani kwa mtu. Ukipanga, ada lazima ipande. Kwa 130,000 kila mtoto anaacha 97,000, na unahitaji watoto 29.

Swali linalofuata ni kama mtaa utalipa 130,000. Watu hudhani mshindani wao ni kituo cha barabara ya pili, lakini mzazi anapopiga hesabu jikoni kwake analinganisha ada yako na dada wa kazi. Dada analipwa, anakula na kulala hapo, anaosha na vyombo. Mwenye mtoto mmoja anaweza kuona kituo ni nafuu. Mwenye watoto wawili wadogo, akizidisha ada yako mara mbili, mara nyingi anarudi kwa dada. Kwa hiyo kabla ya kupanga nyumba, hesabu ni familia ngapi za karibu zinaondoka nyumbani baba na mama saa 12 asubuhi. Hao ndio watakaolipa ada ya juu, lakini nao watataka geti lifunguliwe saa hiyohiyo na wakichelewa kwenye foleni mtoto awe bado ana mtu wa kukaa naye. Nyumbani kwako mtoto anayechukuliwa saa 1 usiku anakula ubwabwa na wanao. Kwenye nyumba ya kupanga ni mlezi mwenye saa za ziada na hasira za haki.

Kwa kuangalia upande kwa upande:

| | Nyumbani (watoto 15) | Nyumba ya kupanga (watoto 35) |
|---|---|---|
| Fedha ya kufungua | 3,340,000 | 14,120,000 |
| Gharama za mwezi bila chakula | 695,000 | 2,741,000 |
| Ada ya mwezi | 100,000 | 130,000 |
| Watoto wa kufuta hasara | 11 | 29 |
| Kinachobaki kikijaa | 310,000 | 654,000 |
| Akiba ya miezi ya mwanzo | 904,000 | 5,968,000 |

Mstari wa mwisho ndio niliotaka tufike. Hakuna kituo kinachojaa siku ya ufunguzi. Tuseme nyumbani unaanza na watoto 4 na kuongeza wawili kila mwezi. Hasara itajilimbikiza hadi 904,000 kufikia mwezi wa nne, kisha itaanza kupungua. Katika nyumba ya kupanga tuseme unaanza na 8 na kuongeza wanne kila mwezi, kasi ambayo ni ya kujivunia. Kwa kuwa kodi ya miezi sita ulishailipa, hasara inafika 2,864,000 mwezi wa nne, halafu mwezi wa tano na wa sita unaona mwanga: watoto 28, fedha inaingia zaidi kuliko inavyotoka, unaanza hata kufikiria kununua gari dogo la kubeba watoto.

Mwezi wa saba mwenye nyumba anagonga geti. Anataka miezi sita mingine, 3,600,000, na zuio lake ni 400,000. Ukijumlisha na hasara ambayo haijafutika, pengo ni karibu milioni 6. Hapo ndipo mwenye kituo anapokwenda kwenye mikopo ya kausha damu, na kuanzia hapo ada za watoto hazilipi tena uji bali marejesho ya kila wiki. Nimeona vituo vizuri vikifungwa vikiwa na watoto 30 ndani, wazazi wakishangaa, kwa sababu wao waliona watoto wengi wakadhani fedha ni nyingi.

Ukijumlisha fedha ya kufungua na akiba, nyumba ya kupanga inadai kama milioni 20 na nyumbani kama milioni 4.2. Mtaji ni zaidi ya mara nne, wakati kinachobaki kikijaa ni kama mara mbili tu. Kwa mizani hiyo peke yake ningemshauri karibu kila mtu aanzie nyumbani.

Lakini nyumbani nako kuna gharama zisizoandikwa kwenye daftari, na ningekuwa nakudanganya kama ningezinyamazia. Ile 310,000 ndiyo mshahara wako kwa kazi ya kutwa ya kufuta makamasi, kubadilisha nepi na kubembeleza. Kule kwa kupanga 654,000 ni ya mtu anayesimamia, ambaye akiugua siku tatu kituo kinaendelea. Sebule si yako tena hadi jioni. Wanao wanarudi shule wakakuta kitanda chao kimelaliwa. Karo la maji taka lililojengwa kwa watu sita sasa linahudumia ishirini, na masika yakija gari la kunyonya linaitwa mara mbili. Kama vyumba hivyo viwili ungeviwekea wapangaji, kodi yao ni fedha unayoiacha kila mwezi. Na kama nyumba yenyewe umepanga, ridhaa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi, maana kelele za watoto 15 zitamfikia kabla ya barua yako.

Kuna pia umri wa watoto. Sheria inatenganisha kituo cha watoto wachanga na cha watoto wadogo, na wachanga wanahitaji mikono mingi zaidi kwa kila kichwa. Nyumbani, watoto wachanga wawili wanaweza kula faida ya watoto sita, hata kama wazazi wao ndio wanaokusihi zaidi uwapokee.

Kuhusu kodi ya mapato, mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 hukadiriwa kwa mauzo na si kwa faida. Kituo cha nyumbani kikijaa kina mauzo ya milioni 18, cha kupanga milioni 54.6, na vyote viwili vinaingia humo. Maana yake unaweza kudaiwa kodi katika mwaka ambao hukupata faida, na mauzo makubwa ya nyumba ya kupanga yanaongeza hatari hiyo. Hesabu zangu za juu hazina kodi hii, kwa hiyo itoe kwenye kile kinachobaki, na utunze stakabadhi.

Njia ya tatu, ya kuchukua kituo cha mtu anayehama au aliyechoka, inavutia kwa sababu watoto wapo tayari na ile miezi minne ya hasara unaikwepa. Unalipia vifaa vilivyochakaa na mara nyingine kilemba, yaani fedha ya kuachiwa nafasi. Usichukulie kwamba cheti cha usajili kinahamia kwako pamoja na funguo. Muulize afisa ustawi kabla ya kulipa. Omba pia daftari la mahudhurio la miezi mitatu iliyopita na si orodha ya majina, kwa sababu orodha inaweza kuwa na watoto 30 na wanaokuja ni 17.

Fedha ikipungua, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi, na kwa kituo cha nyumbani kinachoendeshwa na wanawake wachache wanaoaminiana inaweza kutosha karibu gharama yote ya kufungua. Kwa nyumba ya kupanga itasaidia upande mmoja tu.

Ukiamua kupanga hata hivyo, na zipo sababu nzuri za kuamua hivyo, ongea na mwenye nyumba kuhusu tarehe kabla ya kuongea naye kuhusu bei. Januari watoto wakubwa wanahamia madarasa ya awali na wazazi wanalipa ada za shule za kaka na dada zao, kwa hiyo kituo kinapungukiwa watoto na fedha kwa pamoja. Mkataba wa miezi sita sita unaoanza Januari unaileta kodi yako Januari nyingine, katika mwezi mbaya kuliko yote. Mwombe upokee funguo Januari kwa malipo ya miezi mitatu, kisha miezi sita sita, ili kodi iangukie Aprili na Oktoba. Na kila mwezi, kabla ya kununua hata kopo la rangi, weka 667,000 kwenye akaunti ambayo kadi yake huiweki kwenye pochi.